Goti la Wifi na Goti la Hospitali

Goti la kulia lilipewa hospitali, la kushoto likapewa wifi. Ndivyo Abbasi alivyokata shauri nyumbani kwake Igalula, na hakuna aliyecheka, maana muda mfupi tu kabla ya hapo mkewe Mwanamkuu alikuwa ameshindwa kuinuka kwenye mkeka baada ya sala ya adhuhuri. Alibaki ameshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka, kama mtoto anayejifunza kusimama.

"Mmenichosha," alisema Abbasi. Alikuwa kibarua wa gengi la reli, wiki nzima yuko porini na nyundo, na akirudi nyumbani alitaka chakula na kimya. "Huyu anavutia hospitali, huyu anavutia pembe. Mgonjwa ana magoti mawili. Kila mtu ashike lake, tuone lipi litapona kwanza."

Bimdogo, dada yake, alipiga makofi. Yeye kazi yake ilikuwa kuumika. Watu walimfuata toka mbali awachanje kwa wembe na kuwafyonza damu mbaya kwa pembe la ng'ombe. "Haya basi! Mimi nipeni la kushoto, ndilo bovu zaidi. Nisije nikaambiwa nilichagua lililo jepesi. Wifi, unasemaje?"

"Nitasema nini, na magoti yenyewe si yangu tena?" alijibu Mwanamkuu, akajilazimisha kutabasamu.

Aliyekuwa akivutia hospitali ni Kuluthumu, kitinda mimba wao. Alikuwa amemaliza darasa la saba na jina lake limetoka: sekondari, Tabora mjini, shule zikifunguliwa Januari. "Baba," alisema, "mtu hagawanywi kama mbuzi wa sikukuu."

"Sekondari yenyewe hujafika, umeshaanza kunifundisha?"

Kuluthumu akainamisha macho. Mama yake alimtazama. Maumivu aliyazoea. Alichokuwa anakiogopa ni neno la Mwenyekiti Sulemani. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, nyumba zimesogezwa pamoja, kijiji kimeandikishwa, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mzima mmoja wa kwenda shamba la tumbaku la kijiji. Abbasi alikuwa mtu wa reli, hahesabiwi. Mtu wa nyumba ile alikuwa Mwanamkuu. Na Mwenyekiti alikwisha kusema mkutanoni, mbele ya wote, kwamba nyumba ambayo mama anaumwa na binti yupo, haina udhuru. Binti atashika jembe.

Kwa hiyo magoti yale yalikuwa ndiyo shule ya Kuluthumu. Yakisimama, anakwenda. Yakigoma, anabaki.


Hospitalini Tabora alipokewa na sista Eustadia, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu wa kutwanga, kazi yake kuwafundisha mazoezi waliovunjika na waliopooza. Alimkalisha Mwanamkuu kwenye benchi, akashika goti la kulia, akalikunja na kulinyoosha polepole huku kiganja kimelifunika juu.

"Unasikia linavyosaga, mama?"

"Nasikia, sista. Kama kuna mchanga ndani."

"Mifupa ina mto laini katikati, ndiyo maana haigongani. Wako umelika. Sitakudanganya kwamba mto huo utaota tena. Ila nyama za paja zikiwa na nguvu, zinalibebea goti mzigo, na maumivu yanapungua." Akamfunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu. "Inua mguu, unyooshe, ushikilie. Usinishushie ghafla. Haya, shusha taratibu. Hivyo hivyo asubuhi na jioni, na kabla yake ulikande goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Mwanzoni litauma zaidi. Usiache."

"Litauma zaidi?"

"Wiki za kwanza, ndiyo. Nguvu haiji kwa siku moja. Sasa lete la kushoto."

Mwanamkuu akavuta kanga yake, akaliziba. "Hilo zima, sista."

Eustadia akamtazama. "Umeingia hapa unachechemea mguu wa kushoto."

"Nilijikwaa kwenye treni."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na aliutoa bila kupepesa. Atasema nini? Kwamba mguu ule una mwenyewe, na mwenyewe ni wifi yake? Angeonekana mshamba. Tena wifi akisikia kwamba goti lake limepelekwa kwa sista kwa siri, nyumba ingewaka moto.

"Kazi yako nini huko kwenu?" aliuliza Eustadia.

"Shamba la kijiji. Tumbaku."

"Basi nikuandikie cheti cha kazi nyepesi, umpelekee mwenyekiti wenu."

"Hapana! Usiandike, sista, nakuomba." Mwanamkuu alimshika mkono kabisa. Machoni mwake alikwisha kuona Mwenyekiti Sulemani anakisoma cheti kile kwa sauti, halafu anageuka na kumtazama Kuluthumu. "Naweza kulima. Mimi naweza."

Eustadia akafungua kifuko cha mchanga. "Haya, mama. Mwenye mguu ndiye anayejua."


Goti la wifi halikungoja wiki. Bimdogo alikuja na kikapu chake, akachemsha wembe kwenye sufuria, akalisugua pembe kwa majivu na maji ya moto mpaka likang'aa. Alimchanja chale ndogo ndogo pande zote mbili za goti, akabandika pembe, akafyonza kwa kitundu cha nchani na kukiziba kwa nta.

"Tazama damu hiyo, nyeusi kama lami. Na wewe ulikuwa unatembea na hiyo mwilini? Ndiyo maana huna adabu, wifi."

"Adabu nimeimaliza kwa kaka yako, ya kwako haikubaki."

Wakacheka. Kesho yake asubuhi Mwanamkuu alikanyaga mguu wa kushoto na kusikia wepesi ambao hakuwa ameusikia tangu masika yaliyopita. Alitembea hadi kisimani bila fimbo. Wanawake wakampokea kwa vigelegele, na tangu hapo kisima kikagawanyika kama mashabiki wa mpira.

"Kushoto juu!" mmoja aliita akimwona anakuja.

"Kulia bado wanajipanga," mwingine alijibu. "Ngojeni kipindi cha pili."

Lakini goti la kulia lilikuwa linauma. Kila jioni Kuluthumu alimkalisha mama yake kwenye kigoda kirefu, akamfunga mchanga ulioshonwa ndani ya kipande cha gunia, akamwambia, "Inua, mama." Aliinua akiuma meno. Kuna siku machozi yalimtoka, na Bimdogo aliyekuwa akichambua mboga pembeni akaguna.

"Hiyo ndiyo dawa? Kumwinulisha mgonjwa mchanga? Kama ni hivyo mpelekeni gengini kwa baba yenu, akabebe mataruma ya reli."

"Shangazi, sista alisema mwanzoni litauma."

"Mimi langu mwanzoni lilipona."

Nani angebishana na hilo? Hata Mwanamkuu mwenyewe moyoni alikwisha kuhukumu. Akitaka kuinuka, uzito wote aliutupa kushoto. Akipanda kizingiti, kushoto ndiko kulikotangulia. Goti la kulia aliendelea kulifanyisha kazi zake ili binti asivunjike moyo, lakini lenyewe hakuliamini tena.

Bimdogo alikuwa na sharti moja, na alilisema kila alipokuja kumuumika tena. "Chale mpaka zikauke, magamba yadondoke yenyewe. Usikanyage matope, usiingie shambani. Ngozi niliyoifungua mimi ni mlango, na mlango haulali wazi. Unanisikia?"

"Nakusikia, wifi."


Mvua zilikuja kwa fujo mwaka ule. Chakula kilikuwa cha shida, watu wanakula unga wa njano wa msaada na kuulalamikia, na magugu yalipanda juu ya matuta ya tumbaku haraka kuliko mikono ya kuyang'oa. Jumamosi moja alasiri Mwenyekiti Sulemani alisimama uani kwa Abbasi, koti la mvua begani, viatu vimejaa tope.

"Hodi hapa."

"Karibu, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Mwanamkuu. Alikuwa ameketi, akainuka upesi ili aonekane anainuka. Kuluthumu akapiga goti, kama binti wa Kinyamwezi anavyofunzwa mbele ya mkubwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, nina nyumba nyingi." Sulemani hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyebanwa, wakubwa wa wilaya wanamdai tumbaku na wanakijiji wanamkimbia. "Mama Kuluthumu, jina lako sijalisikia shambani tangu mvua zianze. Nimenyamaza, maana nimesikia habari za magoti. Lakini maneno yameanza. Wanauliza, huyu anakula kijiji kwa kazi ya nani?"

"Jumatatu nitakuja."

"Utaweza? Usijitese. Binti huyu hapa ana nguvu. Akishika jembe msimu huu mmoja—"

"Binti anakwenda shule, Mwenyekiti."

"Shule haitoroki."

"Inatoroka!" Sauti ilimtoka kali mpaka kuku wakashtuka. Akaishusha. "Nafasi yake watampa mwingine. Nimesema Jumatatu nitakuja. Kwani unaniona nimelala?"

Sulemani akatazama miguu yake, akatazama uso wake, akaaga. Alipokwisha kutoka, Mwanamkuu alibaki amesimama, hawezi hata kuketi, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa limeanza tena kuuma tangu siku mbili zilizopita, na alikuwa hajamwambia mtu.

Jumapili alimfuata Bimdogo kwake.

"Niumike tena, wifi. Leo."

Bimdogo akalifunua goti, akapapasa. "Chale za juzi hazijafunga. Siwezi kuchanja juu ya kidonda. Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo nimechelewa."

"Umechelewa wapi? Una harusi?"

"Nifanyie kwa ajili ya Kuluthumu." Mwanamkuu alimshika kidevu, kama mtu anayemwomba mzee. "Huyo ni damu yenu, si yangu peke yangu. Nipe tu siku za kumvusha mtoto mpaka kwenye treni."

Bimdogo aliutazama wembe mkononi mwake. "Shambani huendi?"

"Siendi."

"Apa."

"Wallahi siendi."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Bimdogo akachemsha wembe.


Jumatatu alfajiri Mwanamkuu alifunga goti kwa kipande cha kanga kuukuu, akavaa gauni refu, akabeba jembe. Shambani walimsalimu kwa furaha. "Mwangaluka, mayo!" aliita Zamda, mwanamke wa tuta la jirani, akimwamkia mama mwenzake kwa Kinyamwezi. "Leo goti la nani limekuleta?"

"La mwenyewe," alisema Mwanamkuu, na wote wakacheka.

Alipewa ngwe yake kama wengine. Matuta ya tumbaku hayapaliliwi kwa kusimama. Unainama, unachuchumaa, na ukichoka unapiga magoti kwenye tope lililochanganyika na samadi. Alipiga magoti. Maji machafu yalipenya kwenye kitambaa na kuingia kwenye chale, yakawasha kama pilipili, naye akaendelea kuvuta magugu na kuyatupa nyuma. Sulemani alipopita alisimama kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Kwa Mwanamkuu kule kutikisa kichwa kulikuwa kama kuona sanduku la Kuluthumu limekwisha kupanda treni.

Alikwenda kesho yake, na iliyofuata. Katikati ya wiki akaota mtoki kwenye nyonga, mgumu kama mbegu ya embe. Mwili ukawa mara baridi mara moto. Alikunywa aspirini, akajifunika kanga mbili, akawaambia watu ni malaria ya mvua. Mazoezi ya jioni aliyafanya kwa mguu wa kulia kama kawaida, maana akiacha Kuluthumu angeuliza. Kitambaa cha kushoto alikibadilisha chooni, akikifukia kile cha zamani. Bimdogo alipopita kumjulia hali, alimjibu akiwa ndani, mlango umerudishwa: "Nimelala wifi, goti linaendelea vizuri." Wifi akaondoka ameridhika, akawatangazia kisimani kwamba kushoto kumeshinda.

Usiku wa kuamkia safari hakulala. Alikaa akisikiliza mguu wake unavyogonga ndani kwa ndani, akijiambia: treni ya asubuhi tu. Treni ikiondoka nitasema.


Stesheni ilijaa. Treni ilikuwa imechelewa, na sasa ilikuwa imesimama, watu wanapandisha magunia na mitungi ya asali kupitia madirishani. Abbasi alikuwa ameomba ruhusa gengini. Alibeba sanduku la bati la Kuluthumu begani, na mtu yeyote aliyempita alimwambia, bila kuulizwa, "Binti anakwenda sekondari." Bimdogo alikuwapo na kifurushi cha karanga. Mwanamkuu alisimama ameegemea nguzo, uso umempauka, nzi wanamzunguka chini ya gauni. Aliwafukuza kwa upindo wa kanga.

"Haya, muage mama yako upesi," alisema Abbasi. "Hii haingojei mtu."

Kuluthumu akaja, akapiga goti mbele ya mama yake, kichwa chini. Ndiyo adabu aliyofunzwa, na mama yake ndiye aliyemfunza. Lakini binti aliyepiga goti uso wake unafika kwenye magoti ya mkubwa wake, na Mwanamkuu katika hesabu zake zote hakuwa ameikumbuka salamu hiyo.

"Shikamoo, ma—"

Hakumaliza. Harufu ilimpiga usoni. Alitazama nzi, akatazama doa lililolowa kwenye gauni, akainua pindo kabla mama yake hajawahi kulishika. Kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Mguu toka paja hadi muundi ulikuwa umevimba, unang'aa kama ngozi ya ngoma, na usaha unatiririka kwenye kila chale.

"Yarabi!" Bimdogo aliangusha karanga. "Wifi, uliniapia! Uliniapia kwa Mungu!"

"Panda treni," Mwanamkuu alimwambia binti yake.

"Sipandi."

"Kuluthumu, panda treni!"

"Nipande nikuache unaoza? Baba, shusha sanduku."

Abbasi alikuwa amekwisha kulifikisha mlangoni. Aliganda hapo, sanduku mikononi, akimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya jirani na kuambiwa ni yake. Kisha taratibu akaanza kulishusha.

"Usilishushe!" Mwanamkuu alipiga kelele. Filimbi ikalia. Aliona vizuri kabisa yatakayofuata: binti atabaki kumuuguza, siku zitapita, jina litafutwa, na Jumatatu Kuluthumu atakuwa kwenye matuta. Akaiachia nguzo. Akaenda kwenye behewa la daraja la tatu akiuburuta mguu wa kushoto kama gogo, akashika vyuma vya mlangoni. Ngazi za treni ni ndefu, hata mzima huzipanda kwa kujivuta. Wa kushoto haukuweza kukanyaga. Akauweka wa kulia, ule asiouamini, ule wa kulilia mchanga jioni. Akausukuma.

Ukampandisha. Peke yake, bila kutetereka, goti la kulia lilimbeba mzima mzima na kumweka ndani ya behewa.

Aligeuka, macho yamejaa homa na mshangao. "Nimepanda," alisema. "Nakwenda hospitali. Basi na wewe panda, kama unataka kuniuguza, niuguze mpaka Tabora."

Abbasi akalirudisha sanduku mlangoni, akamsukuma binti yake ndani, na yeye mwenyewe akarukia treni ikiwa imeshaanza kutembea.


Madaktari walilipasua goti la kushoto mara mbili. Mguu haukukatwa, ila goti lilifungana na halikukunjika tena. Abbasi alimpeleka Kuluthumu shuleni siku ileile, nguo zake zikiwa zinanuka dawa ya wodini, akarudi kukaa kando ya kitanda. Siku ya tatu ndipo aliposema, "Mimi ndiye niliyekugawa."

Eustadia alikuja na kifuko chake cha mchanga. Hakufoka. Alilishika goti la kulia, akalikunja na kulinyoosha. "Hili limefanya kazi yake," alisema. Kisha akatazama bandeji ya upande wa pili. "Siku ile nililiomba hili."

"Niliona aibu."

"Kuumika ungeniambia tu. Ningekwambia usiingize maji machafu."

"Na wifi aliniambia hivyohivyo," alisema Mwanamkuu, na hapo ndipo alipolia.

Aliporudi Igalula, Mwenyekiti Sulemani alikuja kumpa pole. Aliutazama ule mguu ulionyooka mbele yake kama mchi.

"Mama Kuluthumu, si ungesema? Watoto wa wapaliliaji hawana mlezi tangu mvua zianze. Wanawake wananililia kila siku nitafute mtu wa kukaa nao. Sikujua nimpe nani kazi ya kukaa, kila mtu ananiambia ni mzima."

"Nilihofu utamchukua mtoto."

Sulemani akavuta koti lake, akatazama chini. "Na mimi nilisema vile mkutanoni ili watu waogope," alisema.

Basi kazi ikawa hiyo. Mwanamkuu anakaa kwenye kibanda pembeni ya shamba, watoto wanamzunguka, wanaruka mguu wake kama kizingiti. Bimdogo humletea chai ya mchaichai. Pembe amelitundika kwa muda, na akiulizwa husema anapumzika. Sala Mwanamkuu anasali juu ya kigoda. Treni ikipita kwenda Tabora, anainua mguu wa kulia, anaunyoosha, anashikilia, anashusha taratibu.

Siku moja Zamda alimletea mtoto wake, akasitasita, mkono ukishika goti kwa juu ya kanga.

"Mayo, na mimi limeanza. Hili moja tu. Nikuulize, katika yale yako mawili, kwa kweli dawa ipi ilishinda? Niende pembe au niende mchanga?"

Mwanamkuu alimsogezea kigoda. Akamtazama mkono ulivyobana kanga, akaujua mbano ule.

"Kaa hapa," alisema. "Funua yote mawili."